Klachi ilikuwa kavu, mimi nikalipia sili

Kwa miezi minne nilikuwa nasafiri na dumu la oili nyuma ya kiti, kama mama mwenye kichanga asivyoacha mfuko wa nepi.

Gari lenyewe ni Mitsubishi Canter ya mwaka 1996, injini 4D33, na lilipofika kwangu lilikuwa limeshapita mikono mitatu. Kazi yake ni nyanya na vitunguu. Napakia matenga Ilula jioni, nashuka mlima Kitonga usiku, napita Mikumi, alfajiri niko soko la Ilala. Safari moja ya kwenda na kurudi ilikuwa inameza lita moja na nusu ya oili, na siku mbaya lita mbili. Moshi wa bluu hakuna, na maji ya rejeta hayapungui. Yaani haiungui wala haichanganyiki na maji, inamwagika. Nikiegesha nusu saa tu, chini ya pale injini inapokutana na giaboksi nakuta doa la ukubwa wa sahani ya wali.

Ukimuuliza mtu yeyote kijiweni kuhusu doa la mahali hapo, anakujibu bila hata kuinama: sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Na mimi sikuinama. Nilipeleka gari gereji.

Kubadilisha sili ile kazi yake ni kubwa kuliko kitu chenyewe. Sili ni mduara wa mpira unaoingia mkononi, lakini ili uifikie unafungua propela shafti, unashusha giaboksi, unatoa presha pleti, klachi na flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na krenki. Siku mbili juu ya mawe na jeki. Sili nilinunua shilingi 40,000, ufundi nikalipa 180,000, na matenga ya watu nikamwachia mwenzangu ayabebe.

Nataka nisimulie kitu kimoja cha siku ile, kwa sababu nilikiona kwa macho yangu na sikukielewa. Giaboksi iliposhuka, fundi akapitisha kidole kwenye sahani ya klachi, akanionyesha. Vumbi jeusi, kavu kabisa. Akasema, "Bosi, una bahati, klachi hii bado nzima, hatununui nyingine." Nikafurahi kuokoa hela. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza: kama sili iliyo jirani yake inatapika lita nzima kwa safari, klachi imekaukaje?

Sili mpya ikafungwa, injini ikaoshwa, na kwa safari ya kwanza sikuona tone. Nikamsifia fundi hadharani. Safari ya pili sahani ya wali ikarudi palepale.

Nikaambiwa sili ilikuwa feki. Inawezekana, vipuri feki ni vingi. Nikatafuta orijino, giaboksi ikashushwa tena, nikalipa tena, ingawa safari hii fundi alinipunguzia kwa huruma. Doa likarudi. Hapo ushauri ukaanza kunijia kutoka kila upande. Mmoja akasema nitumie oili nzito zaidi, nikatumia, gari likawa gumu kuwaka asubuhi za baridi ya Iringa na doa halikupungua. Mwingine akafungua sampu, lile karai la oili chini ya injini, akaipaka silikoni kama anayepaka siagi mkate. Silikoni nyingi namna ile si mzaha: ile inayobanwa kuingia ndani inakatika vipande, na vikifika kwenye chujio la pampu ya oili, injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinakuambia imejaa. Nilikuja kuifungua sampu ile baadaye na kuchokonoa mabaki yake kwa bisibisi nikimlaani mtu ambaye hakuwepo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa pale Iringa, anafanyia kazi chini ya mti, hana hata bango. Nilimwamkia "Kamwene," akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa gari. Kisha akauliza swali moja: "Mlipofungua, klachi ilikuwaje?"

Nikamwambia ilikuwa kavu.

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili, mzee."

Akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akanieleza kwamba sili ile ikivuja, oili inatokea kati ya injini na flaiwili, na flaiwili haikai kimya. Inaizungusha na kuirusha kila upande humo ndani. Ungekuta kuta zimelowa, na aghalabu klachi nayo inalowa na kuanza kuteleza mlimani. Mimi nilikuwa napanda Kitonga na mzigo wa mbolea, klachi inashika vizuri. Akachovya kidole kwenye lile doa, akanusa. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya kiberiti, huwezi kuikosea. Ile ilikuwa nyeusi, nyepesi, ya injini. "Basi ni ya injini," akasema, "lakini inakotonea siko inakotoka. Nenda kaoshe, upake poda, utembee, urudi."

Poda hiyo ni poda ya watoto, ya dukani.

Mimi na utingo wangu tukafanya kazi hiyo Jumapili nzima. Tukainua kabini na kuifunga kwa mkono wake wa usalama, tukavalisha alteneta na stata mifuko ya plastiki, tukasugua injini kwa mswaki na dizeli, halafu maji ya sabuni ya unga. Chini ya ule utando wa miaka kulikuwa na rangi ambayo sikuwahi kuiona. Ilipokauka vizuri, tukaipulizia poda pande zote, nyuma, chini, mpaka utingo akasema gari linaenda ubatizo. Nikaendesha kutoka Ilula mpaka Iringa, mwendo wa kawaida, nikageuza.

Tulipoinua kabini tena, jibu lilikuwa limeandikwa. Sampu nyeupe. Sili ya mbele nyeupe. Ubavu wa pampu ya dizeli mweupe. Lakini kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, ulianza mstari mweusi mwembamba. Ukateremka mgongo wa injini, ukatandaa juu ya nyumba ya flaiwili, ukaizunguka kwa nje na kwenda kudondokea pale chini kabisa, mahali ambapo kila mtu alikuwa anapanyooshea kidole. Oili hushuka, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo doa la nyuma chini linaweza kuwa limezaliwa popote juu na mbele yake. Giaboksi ilishushwa mara mbili kwa ajili ya kitu ambacho kingeonekana kwa kuinua kabini na kutazama kwa tochi.

Nikakimbilia dukani, nikanunua gasketi ya tapeti kava kwa shilingi 15,000. Nilipofika nayo kwa mzee, alinizuia. "Kabla hujafunga, washa."

Akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza juu chini na kukilaza tu juu ya tundu, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Kifuniko kikaanza kucheza kama cha sufuria ya maharage, halafu kikaruka, moshi ukafuata. Moyo ukanishuka. Najua maana ya dalili hiyo: ringi zimekwisha, gesi ya moto inapenya pembeni ya pistoni inaingia kwenye oili, na matibabu yake ni kufungua injini nzima.

Yeye wala hakushtuka. Akafuata kwa vidole bomba la brida, ule mpira unaotoka kwenye tapeti kava kuiachia injini ipumue. Wa gari langu haukuwa wake wa kiwandani; kuna mtu miaka ya nyuma aliweka kipande cha mpira wa maji. Joto na oili vilikuwa vimeulainisha mpaka umejikunja kwenye kona na kuta zake zimegusana. Aliuchana kwa kisu. Ndani kulikuwa na tope zito jeusi, mfano wa lami.

Tukawasha tena bila ule mpira. Kifuniko kikatulia mahali pake, kikitoa kamoshi kadogo tu, kiasi cha injini ya umri ule.

Hiyo ndiyo ilikuwa habari yote. Kila injini inapitisha gesi kidogo pembeni ya ringi, hata mpya, na gesi hiyo lazima itoke. Ukiiziba njia, inajaza tumbo la injini na kuisukuma oili nje kupitia popote palipo dhaifu. Kwangu palikuwa ni gasketi kongwe, ngumu kama plastiki, iliyovunjika vipande nilipoinyanyua. Ningefunga mpya bila kugusa brida, ingeanza kuvuja baada ya wiki chache, nami ningesema gasketi ilikuwa feki.

Kufunga kwenyewe kulikuwa kwepesi. Mpira mpya unaostahimili oili na joto, 12,000, ukapitishwa bila kona kali. Nyuso zote mbili zikakwanguliwa mpaka zikang'aa, tapeti kava ikalazwa juu ya kioo tuone kama imepinda, haikupinda. Washa za mpira, zile pete ndogo chini ya nati, nilibadilisha zote. Nati zenyewe hazitaki ubabe. Zinakazwa kidogokidogo kwa zamu, kuanzia katikati, kwa mkono mwepesi, maana ukizikaza kwa hasira gasketi inatoka pembeni. Silikoni hakuna. Mzee alichukua 30,000 na soda mbili, moja akampa utingo.

Tangu hapo nimekwenda Dar mara sita. Kijiti cha oili kinashuka kidogo sana kati ya safari na safari, na dumu limehamia nyumbani, mke wangu analihifadhia mafuta ya taa.

Wiki iliyopita nimeona doa dogo mbele, la ukubwa wa sarafu. Mafundi wawili wameshaniambia ni sili ya mbele ya krenki. Mimi macho yangu yako kwenye alteneta, kwa sababu mgongoni mwake imebeba pampu ya vakyumu, na pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini. Hiyo siahirishi, maana ndiyo inayonipa wepesi wa breki ninaposhuka Kitonga na matenga. Utingo ameshanunua poda.