Sindano Iliyokataa Kibla
Mpwa wangu aliniomba nimtengenezee dira. Nilikuwa na sumaku nyeusi ya duara iliyotoka kwenye spika mbovu, nimepewa na fundi wa redio pale Mwembe Tayari, Mombasa. Sindano hazikosekani nyumbani kwa dada yangu, maana ni mshonaji.

Nikaisugua sindano kwenye sumaku huku na huko, nikailaza juu ya kipande cha jani la mkungu ndani ya bakuli la maji. Nikiligeuza jani, linabaki palepale nilipoliacha.

Kosa lilikuwa kwenye kusugua. Ndani ya chuma mna visehemu vidogo mno, kila kimoja kama sumaku, navyo vimeelekea ovyo hata nguvu zao zinafutana. Ukisugua upande mmoja unavipanga. Ukirudi nyuma unavivuruga. Nikaanza upya, toka tunduni hadi nchani, nikiinua mkono mbali kila nikifika mwisho, mara hamsini. Sasa sindano ikaokota pini.

Juu ya maji ikazunguka yenyewe, ikatulia. Mtoto akauliza, "Mjomba, mbona yaangalia kule? Kibla si huku?"

Alisema kweli. Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa Mombasa, kwa hivyo sindano ilipaswa kulala kama mswala wa bibi yake ulivyotandikwa chumbani. Yetu iliangalia ukutani. Nilikaa kitambo ndipo nikaona bakuli liko wapi: mezani, shubiri moja tu kutoka kwenye cherehani, na cherehani cha zamani ni chuma kitupu. Dunia nzima ni sumaku, William Gilbert aliliandika hilo mwaka 1600, lakini uga wake, yaani nguvu yake ya sumaku, huku tuliko ni dhaifu. Chuma kilicho karibu huivuta sindano kuliko dunia.

Tukahamia barazani. Sindano ikageuka polepole, ikalala na kibla. Niliona raha isiyo kifani.

Mtoto akaleta ile sumaku. Kwa mbali sindano haikujali. Alipoisogeza kidogo kidogo ikaanza kutikisika, kisha ghafla ikamfuata mkono. Akarudia mara nyingi, akipima kwa shubiri zake.

Ila tundu ndilo lililoelekea kaskazini, ncha ikaangalia kusini. Nilikuwa nimesugulia uso wa kaskazini wa sumaku, na pale unapomalizia kusugua huwa kinyume cha uso huo, yaani kusini. Akapaka tundu rangi ya kucha ya mamake, akachukua sindano nyingine, akaipindua sumaku, akaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu.