Maporomoko ya Kegon: Mara ya Pili Ndipo Nilipoyaona

Aliyeniambia "toka Tokyo saa tatu asubuhi, jioni umesharudi" hajawahi kupanda Nikko, mji wa milimani wa Japani yalipo maporomoko haya, mwezi wa Oktoba. Nilimsikiliza, na hasira haijaniisha. Kutoka stesheni ya Nikko hadi Chuzenji Onsen, kituo cha karibu na maporomoko, basi huchukua kama dakika 45, lakini majani ya milimani yakishabadilika rangi, barabara ya Irohazaka hujaa magari toka chini hadi juu. Ina kona 48, kila moja na kibao chenye herufi yake kwa mpangilio wa kale wa herufi za Kijapani uitwao iroha: 20 za kupandia, 28 za kushukia. Tulikaa kwenye kona moja mpaka watu wakaanza kulala. Kufika ni alasiri, ukungu umeshatanda. Nikalipia lifti, kama yeni 600, nikashushwa mita 100 ndani ya mwamba, nikapita njia ya chini kwa chini yenye baridi na ngazi zake, nikatokea mbele ya weupe mtupu. Mngurumo nausikia, manyunyu yananilowesha uso, maji siyaoni.

Hakuna aliyenieleza kwamba juu kuna roshani ya bure, karibu kabisa na dirisha la tiketi. Chungulia hapo kwanza. Usipoona kitu, weka pesa yako mfukoni, tembea dakika chache hadi Ziwa Chuzenji, kisha urudi. Ziwa liko mita 1,269 juu ya usawa wa bahari. Ukungu wa huko huja na kuondoka. Chukua koti hata kama Tokyo ni joto.

Safari ya pili ilikuwa mwishoni mwa Mei. Nililala Nikko, nikapanda basi la mapema kabisa, na lifti ilipofunguliwa saa mbili nilikuwa mlangoni. Maji yanaanguka mita 97 kwa mkupuo mmoja. Pembeni, katikati ya ukuta wa mwamba, vijito vyembamba vinachuruzika kwenye nyufa: ni maji ya ziwa lilelile, yamepenya kwenye lava ya volkano ya Nantai iliyoliziba bonde. Mbayuwayu wanakata manyunyu kwenda na kurudi. Kamera ifutwe kila baada ya picha mbili.

Wengine walinikataza kwenda, eti pana mizimu. Ukweli ni huzuni, si mizimu. Tarehe 22 Mei 1903 mwanafunzi Fujimura Misao, kijana wa miaka 16, alijitoa uhai hapa na kuacha maneno yake kwenye shina la mti. Magazeti yaliyaeneza, vijana wengine wakamwiga, mpaka mti wenyewe ukaondolewa. Usiende kuutafuta, wala usiwaulize wahudumu. Mimi nilivua kofia, nikanyamaza kidogo.

Nauli ya basi ni zaidi kidogo ya yeni elfu moja kwenda tu. Kikaratasi chenye namba unachochukua ukipanda usikitupe. Ndicho kinachoonyesha nauli yako ukishuka. Na kama kona zinakuchafua tumbo, kaa mbele wakati wa kurudi, maana zile 28 zinabana kuliko za kupandia.