Nilivyoacha kulisugua gari langu jeusi

Niligundua usiku, kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa nasubiri chenji, nikatupa jicho kwenye boneti, na pale taa ya juu ilipojiakisi nikaona utando wa buibui. Vijiduara vyembamba, mamia kwa mamia, vimeizunguka ile taa kana kwamba mtu amepita na waya wa kusugulia masufuria. Nikasogeza kichwa, utando nao ukasogea. Nikalamba kidole nikasugua. Wapi!

Gari lenyewe ni Crown ya 2005. Ukifungua na kusoma kile kibati cha chasisi, pale palipoandikwa C/TR, namba ya kwanza ndiyo ya rangi: yangu ni 202, yaani nyeusi tii, isiyo na chembe za kumeta. Siku za kazi linanipeleka kazini na kunirudisha Tabata. Jumamosi linabeba maharusi, na hapo ndipo ada za shule zinapotoka. Watu wa kamati ya harusi hawaulizi injini. Wanakuja, wanalizunguka mara mbili, wanapiga picha mbili tatu kwa simu, wanaondoka. Wakiona limechoka, hawapigi tena.

Kwa miaka 2 nilikuwa nalipeleka kaoshi ya barabarani. Vijana wale ni wachapakazi, sitawasema vibaya, ila kazi yao ilikuwa hivi: ndoo moja, sabuni ya unga, kipande cha godoro. Anaanza na ringi kwa sababu ndiko kwenye uchafu mwingi, halafu kwa kipande kilekile anapanda mlangoni, anaishia kwenye boneti. Mchanga uliokuwa kwenye tairi sasa unatembezwa juu ya rangi kwa mkono wenye nguvu. Lakini na mimi, kila asubuhi kabla ya kuondoka, nilikuwa nalifuta vumbi kavu kwa fulana kuukuu. Barabara ya kwetu haina lami. Hebu fikiria siku 700 za fulana na mchanga. Tena kuna mtoto wa jirani aliyeandika NIOSHE kwa kidole kwenye buti lililojaa vumbi. Nililiosha siku hiyohiyo, lakini jua likipiga kwa ubavu, neno lilikuwa bado linasomeka.

Gari jeupe lina michirizi hiyohiyo, ila linaificha. Jeusi ni kioo, kila kitu kinaonekana. Juu ya weusi wenyewe kuna tabaka angavu ambalo mafundi rangi wanaliita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayochubuka. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 au 50 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama 70. Hiyo ndiyo akiba yote uliyonayo. Kila ukipolishi unaila kidogo.

Hilo sikulijua siku nilipoazima grenda ya shemeji.

Shemeji ni mchomeleaji. Nilinunua pedi ya sponji inayofungwa kwenye grenda, nikanunua kopo la kompaundi ya kukwangua, nikaangalia video dakika 10, nikajiona fundi. Boneti ilianza vizuri kweli. Uji mweupe unatoka, nafuta, chini kunang'aa. Nikanogewa. Nikahamia fenda ya kushoto, pale juu penye mgongo unaokwenda kukutana na mlango, nikakaza mkono kwa sababu kulikuwa na mchirizo mmoja mbishi. Nilipofuta, kitambaa kilichokuwa kinatoka na uji mweupe kikatoka na wino. Weusi mtupu. Kwa ujinga nikapitisha tena ili nisawazishe. Chini ya weusi kukatokea kijivu.

Grenda ya kukatia vyuma huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine za kupolishi za mzunguko hukaa chini sana, 600 hadi 3,000. Mimi nilikuwa nachoma rangi, si kuipolishi.

Jumatatu nikampelekea mzee mmoja fundi rangi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kalifanya hivi?"

"Mimi mwenyewe."

Akapitisha kidole gumba kwenye kijivu, taratibu, kama daktari anayetafuta mfupa uliovunjika. "Sasa mwanangu, ulikuwa unapolishi au unapara samaki?"

Sikuwa na jibu. Akanivuta mkono nishike mgongo wa fenda. "Rangi ikiwa mbichi inakimbia kona. Kama uji kwenye sahani, katikati mzito, ukingoni unauona udongo wa sahani. Hapa ndipo pembamba, na wewe hapa ndipo ulipokandamiza. Nitakupigia. Ila fenda itakuwa mpya na mlango wa zamani, mwenye macho atajua. Na hiyo grenda, mrudishie mwenyewe leo leo."

Nilirudisha. Alichoniambia baadaye, akiwa anachanganya rangi, ndicho kilichonibadilisha: magari meusi anayoletewa, mengi hayajaharibiwa na jua wala njia, yameharibiwa na usafi. Nikaenda nyumbani nikaanza upya, kwa lengo moja tu la kuligusa gari mara chache kadiri ninavyoweza.

Kwanza fulana ikafa. Vumbi kavu halifutwi, basi. Kama sina muda wa kuliosha, naendesha na vumbi langu.

Tatizo la pili lilikuwa maji. Kisima cha kwetu kina chumvi. Chai yake haina ladha, sabuni haitoi povu la maana. Ukiosha gari jeusi kwa maji hayo saa 6 mchana, yanakauka kabla hujafika upande wa pili, na yanachoacha ni vipete vyeupe mwili mzima. Sabuni haivitoi. Nilikuja kuvitoa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya kunywa nusu kwa nusu: nalaza kitambaa kilicholowa kwa dakika 1, nainua, nasuuza vizuri. Vile vilivyokaa miezi vilikuwa vimeshachimba klia, hivyo sikuviweza kwa siki.

Suluhisho lilikuwa juu ya kichwa changu, batini. Nimeweka mfereji unaoingia kwenye simtanki la lita 1,000. Mvua ya kwanza ya vuli naiacha ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kilichokaa kwenye bati kiangazi kizima. Baada ya hapo nakinga. Maji ya mvua hayana chumvi ya kisima, yakikauka hayaachi alama ya maana. Kuosha naosha kwa maji ya kisima, lakini suuza ya mwisho ni keni moja ya kumwagilia maua, iliyojaa maji ya mvua. Jirani yangu akipita ananiuliza kama gari limeota majani.

Naosha saa 12 asubuhi, au saa 11 jioni gari likiwa kivulini. Nagusa boneti kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto nasubiri, nanywa kahawa. Ringi zinatangulia, na zina ndoo yake na brashi yake, havikutani kamwe na mwili wa gari. Kisha nachukua bomba la kupulizia dawa za bustani, la lita 5 (nililinunua jipya, halijawahi kuona sumu ya wadudu), ndani mna shampuu ya gari na maji. Nalipulizia mwili mzima, naacha dakika 4 au 5, povu linateremka na mchanga. Halafu mpira wa maji, kutoka juu kwenda chini. Mpaka hapo mkono wangu haujagusa rangi, na nusu ya uchafu iko chini.

Ndipo zinakuja ndoo mbili. Moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu. Glavu ni ya maikrofaiba, ile yenye vinyuzi virefu kama manyoya ya kondoo. Chini ya ndoo ya kusuuzia nimegeuza kikapu cha plastiki chenye matundu, ili mchanga ukizama usirudi kwenye glavu. Mama watoto alikitafuta kikapu chake cha kuoshea mchicha wiki nzima. Nilimnunulia kingine. Naanza na paa, vioo, boneti, kisha milango kwa juu. Sehemu za chini ya milango ni za mwisho kabisa. Mkono unakwenda kwa mstari ulionyooka, hauzunguki. Glavu ikianguka chini imestaafu, inahamia kwenye tairi.

Watu wengi wananiambia sabuni ya vyombo inatosha. Inaosha kweli, lakini imetengenezwa kutoa mafuta, na nta uliyopaka juzi ni ndugu wa mafuta. Itaondoka nayo.

Kukausha ndiko kunakoharibu hata kazi nzuri. Baada ya ile keni ya mvua, taulo kubwa la maikrofaiba nalilaza juu ya boneti kama shuka, nalipapasa, nalivuta taratibu. Lebo yake nimeikata, maana ule ukingo wa lebo ni mgumu. Taulo hizi zinafuliwa peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo.

Michirizi ya zamani niliirudia baada ya miezi kadhaa, nilipopata Kariakoo mashine ya mtumba ambayo pedi yake inazunguka huku inayumba. Hiyo haichomi rangi kirahisi kama ile ya kuzunguka tu. Kabla ya kupolishi, vaa mfuko laini wa mkate mkononi (ile mifuko ya rambo tuliagana nayo Juni 2019) upapase boneti iliyooshwa. Ukisikia chenga kama sukari, hizo ni chembe zilizoganda: vumbi la chuma kutoka kwenye breki, utomvu, lami. Zinatolewa kwa udongo wake maalumu, laini kama wa kuchezea watoto, unaoteleza juu ya maji ya shampuu. Ukiudondosha chini, utupe, hata kama roho inauma. Udongo huo nao huacha alama kidogo kwenye rangi nyeusi, kwa hiyo usiupitishe kama hujajipanga kupolishi.

Kupolishi nilianza na eneo la nusu mita kwa nusu mita, nikatumia kwanza dawa isiyokwangua sana. Kona zote nilizibandika tepu ya karatasi, zote, nilishapata somo. Nikimaliza kipande nafuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya kuwa imekwisha, kisha namulika kwa tochi ya simu. Kama robo tatu ya utando ulitoka. Mchirizo unaonasa ukucha nimeuacha ulivyo. Ni wa ndani kuliko akiba niliyonayo. Niliimaliza kazi ile kwa Jumapili 3, na sitaki kuirudia kabla ya miaka kadhaa.

Juu yake napaka nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazil. Inatoa kina fulani kwenye weusi, unahisi unaweza kuzamisha mkono. Kwa jua la Dar haimalizi wiki 6 kwangu. Matone ya maji yakianza kulala badala ya kusimama duara, najua imekwisha. Kuna silanti, yaani kinga za kutengenezwa zinazopakwa badala ya nta, zinazokaa zaidi, kuna na seramiki, kinga inayoganda ngumu juu ya klia, ambayo sijaipaka kwa sababu lazima rangi ya chini iwe safi kabisa, la sivyo unafungia michirizi ndani. Na asikudanganye mtu kuwa ikishapakwa kokoto haitapiga.

Adui aliyebaki ni kunguru. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, na sasa wamepanga kwenye mwembe wetu bila kulipa. Kinyesi chao kikikutana na jua kwenye rangi nyeusi, saa chache zinatosha kuacha kovu. Usikikwangue. Laza tishu iliyolowa maji, subiri dakika 5, inua yote kwa pamoja, suuza. Kwenye droo ya gari nina chupa ya maji na tishu kwa ajili yao tu.

Na wapambaji. Zamani walikuwa wanabandika riboni kwa gundi ya tepu moja kwa moja kwenye boneti ya moto. Siku hizi naandika kwenye makubaliano: riboni inafungwa kwenye grili na vioo vya pembeni, chini yake naweka vipande vya maikrofaiba, na hakuna karatasi ya rangi inayochuja mvua ikinyesha.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje ya saluni, saa 8 mchana, Crown imetulia kivulini kama maji ya usiku. Bibi harusi alitoka, akakosa kioo, akajitazama kwenye mlango wa nyuma. Akarekebisha shela, akageuka upande, akatabasamu, akajiridhisha. Nikavimba kichwa. Matroni wake naye akataka kujiona; akasogea, akajiegemeza kwenye fenda ya kushoto, mkoba wa shanga ukiwa begani, akaanza kupaka lipstiki huku akicheka na kuyumba. Nikamfungulia mlango mapema, nikamwambia dada karibu ndani, kiyoyozi kinafanya kazi.

"Subiri kaka," akasema, "upande huu ndio unang'aa."

Ni ile fenda ya mzee.