Presha ya mama kumbe ni figo

Mama anatumia dawa za presha miaka mingi na bado haishuki. Safari hii daktari akaagiza apimwe kreatinini (taka ambayo figo huchuja) kwenye damu na protini kwenye mkojo. Majibu: figo zimeanza kuchoka.

Nikauliza, figo na presha wapi na wapi? Kumbe figo zikihisi damu inayozifikia ni kidogo, hutoa kemikali iitwayo renini. Hiyo huanzisha mlolongo wa kutengeneza homoni ya anjiotensini inayobana mishipa, kisha homoni nyingine, aldosteroni, huziamuru figo zizuie chumvi na maji. Presha inapanda. Ukiwa mzima, mfumo huo ndio unaokuokoa ukipoteza damu au ukiharisha sana. Figo zikishapata makovu, mfumo huo unaweza kubaki umewaka hata pasipo haja, na chumvi haitoki vya kutosha. Presha nayo inazidi kuharibu vichujio vya figo. Balaa juu ya balaa!

Ameanzishiwa losatani, dawa ya presha inayozuia kazi ya anjiotensini, na atarudi kupimwa kreatinini na potasiamu. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti aliyokuwa akijinunulia duka la dawa, imepigwa marufuku kwa kuwa inaweza kuumiza figo. Kopo la chumvi nimelificha. Amenuna, anasema mchuzi wangu ni maji ya kunawia.