Babu aliposimamisha cherehani

Mwaka 1988, nikiwa darasa la sita Tanga, mwalimu wetu wa Kiswahili alipata uhamisho, nami nikaambiwa nitunge shairi la kumuaga. Kanuni nilizijua: ubeti mishororo minne, mshororo mizani 16, yaani silabi, nane za ukwapi, nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, vina kati na mwisho. Nikahesabu kwa vidole mpaka kibatari kikaisha mafuta. Asubuhi nikakimbilia kwa Babu.

Babu alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani Ngamiani, na ujanani alijibizana na malenga wenzake magazetini. Nikamwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu. Haya, soma," akasema, miguu ikiendelea kukanyaga.

"Mwalimu unakwenda, machozi yanatutoka..."

Cherehani ikanyamaza.

"Hapo pamepwaya."

Nikamwonyesha vidole: m-wa-li-mu, u-na-kwe-nda. Nane! Hakubishana nami. Akaughani mshororo wangu kwa sauti ya chini, nami nikasikia mwenyewe: kwenye "unakwenda" ilimbidi aivute ile "na", la sivyo maneno yangekwisha mahadhi hayajafika. Utao ukaja wote, haukuhitaji kuvutwa.

"Sema mtoto," akaniambia. Nikasema. "Midomo imefanya nini?" Ilikuwa imefumba, ikatulia kidogo, ndipo "to" ikatoka. M-to-to, mizani tatu. "Sasa sema mwana." Safari hii midomo haikutulia popote, "mwa" ilitoka kwa mkupuo mmoja. Mizani mbili. Kumbe mwalimu ni mwa-li-mu, na mimi nilikuwa nimehesabu herufi, si sauti.

"Na mbuzi je, Babu?"

"Mbu-zi. M hiyo imebebwa na b."

"Na mbwa?"

"M-bwa." Akanitazama nilivyokunja uso. "Neno fupi hilo, m lazima ijisimamie. Kama n ya nchi. Usiulize macho, uliza kinywa."

Nakumbuka nilikaa pale mpaka adhuhuri nikitamka majina ya kila kitu kilichopita barabarani: m-ko-ko-te-ni, mwa-vu-li, m-ka-te. Sijawahi kufurahia somo lolote shuleni kama nilivyofurahia asubuhi ile.

Mshororo wa kwanza tukaurekebisha ukawa "Mwalimu wetu waenda". Ubeti wa pili ulikuwa na kosa la kinyume: "Kwetu ulikuwa mzazi", mizani tisa, kwa kuwa "mza" nilikuwa nimeihesabu moja. Babu akaipunguza: "Ulikuwa ni mzazi." Na pale nilipoandika "kwa mema uliyoyaweka" akanifundisha inkisari, "uloyaweka", akasisitiza kwamba neno hufupishwa pale tu ambapo msikilizaji bado atalitambua. Vina hakuvigusa. Nadhani alijua sikio langu lingevifikia lenyewe.

Siku ya kuaga, chini ya mwembe wa shule, niliikunja karatasi nikaghani kama alivyoghani yeye. Kibwagizo, mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, kilikuwa "Nenda kwa salama nenda, baraka zitakufika". Ubeti wa kwanza walinisikiliza kimya. Wa pili, nilipofika mshororo wa nne, darasa zima lilikuwa limekwisha kuudaka, na hakuna aliyewahi wala aliyechelewa.