Kitufe kilichomezwa na bawaba

Ujumbe wa mtumiaji ulikuwa mfupi: "Sioni kitufe cha kuhifadhi. Naona vipande viwili vya duara, kimoja kushoto, kingine kulia." Nikafungua programu yangu ya madokezo kwenye simu yangu. Kitufe kipo, chini katikati, kinafanya kazi. Siku mbili nikapekua msimbo kabla sijamuuliza anatumia simu gani. Akajibu: Surface Duo.

Hiyo ni simu ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020, yenye skrini mbili zilizoshikanishwa kwa bawaba, inafunguka kama kitabu. Kila skrini ina pikseli 1350 kwa 1800. Ukiitandaza programu kwenye skrini zote mbili, inaambiwa kwamba upana wa dirisha lake, yaani eneo lote inalochora, ni pikseli 2784. Sasa piga hesabu: 1350 mara mbili ni 2700. Zile 84 zilizozidi ni bawaba. Programu inachora hapo kama kawaida, ila hapana kioo cha kuonyesha kilichochorwa. Kitufe changu kwenye simu ile kilikuwa na upana wa pikseli 140, nami nilikiweka katikati kabisa. Bawaba ikameza 84, zikabaki 28 kila upande. Ndivyo vile vipande viwili vya duara.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa mbovu: nikaandika sharti kwamba jina la simu likiwa hili, kitufe kihamie kulia. Lakini mtu yuleyule anaweza kuitumia programu kwenye skrini moja tu, na skrini ya pili akafungua kitu kingine. Jina la simu halijabadilika, dirisha limebadilika. Nikafuta mistari ile yote.

Kinachofaa ni kulisikiliza dirisha. Kwenye Android kuna maktaba ya msimbo iitwayo Jetpack WindowManager, na ndani yake WindowInfoTracker, ambayo hukupa mtiririko wa taarifa: kila hali inapobadilika, taarifa mpya inakufikia. Mkunjo (kwa Duo ni ile bawaba) ukipita ndani ya dirisha lako, unapata FoldingFeature inayokueleza mkunjo uko wapi, umesimama wima au umelala, simu imenyooka au imekunjwa nusu, na kama mkunjo unaficha kitu. Programu ikiwa kwenye skrini moja ya Duo, orodha inakuja tupu, na hilo nalo ni jibu kamili.

Hapo nikajikwaa tena. Mahali pa mkunjo panapimwa kuanzia pembe ya dirisha, si pembe ya kile kisanduku cha ndani unamopanga vitu vyako. Mimi nilikuwa na menyu ya pembeni, na kila kitu kikasogea kwa upana wa menyu ile. Ilibidi nipunguze kwenye kipimo hicho umbali wa kisanduku kutoka pembe ya dirisha ndipo kitufe kikakaa panapostahili.

Kuna jambo ambalo natamani mtu angenidokeza mapema. Wengi wetu tumezoea kungoja onConfigurationChanged, taarifa ya Android kwamba hali kama ukubwa wa dirisha imebadilika. Ukiitandaza programu au ukiizungusha simu, ukubwa wa dirisha hubadilika na taarifa hiyo inakuja. Lakini simu iliyokwisha kufunguka ukiikunja nusu uiweke mezani kama kompyuta mpakato, dirisha linabaki na ukubwa uleule. Hapo onConfigurationChanged haina la kukuambia, na ni ule mtiririko pekee utakaokushtua.

Halafu kuna suala la maandishi, ambalo kwangu ni zito kuliko kitufe. Usipotangaza kwamba utayashughulikia mabadiliko ya ukubwa mwenyewe, Android huibomoa Activity, yaani ukurasa wa programu ulio mbele ya mtumiaji, na kuijenga upya. Mtu anaandika, anafungua simu apate nafasi zaidi, aya yake inaweza kutoweka. Huyo amepoteza kazi yake kwa sababu tu alitaka nafasi ya kuandika vizuri, na sioni udhuru wa kumpa. Nilihamishia maandishi kwenye ViewModel, hifadhi isiyobomolewa pamoja na Activity, na nakala nyingine nikaihifadhi kupitia SavedStateHandle, ambayo hubaki hata hapo mfumo unapoizima programu yote ikiwa haionekani kwenye skrini.

Siku hizi sitoi toleo jipya kabla ya kufanya hivi: naandika nusu sentensi, natandaza kwenye skrini mbili, nakunja nusu, nazungusha, narudisha kwenye skrini moja. Kisha natazama kama ile nusu sentensi ipo, na kielekezi kiko kwenye herufi ileile nilipoachia.