Shibiri moja nyuma

Jumapili, usiku

Mikono yangu bado inanuka grisi. Nimeisugua kwa sabuni ya kipande mara tatu, harufu imekataa kutoka. Naandika hivyo hivyo kabla usingizi haujanishinda, kwa sababu wikendi hii tumeikata ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, kwenye tela yangu ya kupigia kambi na kuichomelea upya, na nataka kukumbuka ilivyokuwa.

Jana saa tatu asubuhi, pale Kariobangi, Fundi alishusha miwani yake, akawasha grainda, kisha akaizima tena. Akaniangalia. "Mama Neema, nikate?" Nikamwambia kata. Vile vikono vinne vinavyoshika springi alivichomelea yeye mwenyewe Novemba iliyopita, mishono imejipanga kama magamba ya samaki, kazi safi ambayo hata mafundi wa vibanda vya jirani walikuja kuitazama. Diski ilipogusa mshono wa kwanza cheche zikaruka hadi kwenye viatu vyangu, na harufu ya rangi iliyoungua ikanijaa puani. Nilikuwa nimeipaka rangi ile kwa brashi, Jumamosi mbili, kijani kilichoiva. Niligeuka nikatazama upande wa barabara mpaka aliponiita.

Kilichoniuma zaidi ya rangi ni kwamba Fundi alikuwa ameniambia.

Septemba, siku ya kwanza kabisa, nilimpelekea mchoro wangu kwenye karatasi ya hesabu ya Neema. Sanduku la mita 2.1 kwa urefu, magurudumu katikati kabisa. Aliutazama kwa muda, akatandaza kiganja juu ya kipande cha chuma, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. "Ekseli irudi nyuma. Shibiri moja hivi." Nikamuuliza kwa nini, akasema tela huwa hivyo. Mimi nikaona hilo si jibu. Mchoro wangu ulikuwa na vipimo, na magurudumu ya katikati yalipendeza macho. Nikamwambia afuate mchoro. Hakubishana, akaufuata kwa uaminifu kuliko ulivyostahili.

Mengine tulipatana vizuri. Shasi ni skwea tyubu ya milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Mita moja ina uzito wa kilo 4 na ushee, nasi tulitumia mita 24 hivi. Ekseli ni ya pikapu kuukuu, nikaichagua kwa sababu boliti zake zinakubali magurudumu yale yale ya gari langu, kwa hiyo gurudumu la akiba ni moja kwa vyote viwili. Beringi mpya nilizinunua Barabara ya Kirinyaga, ambako wazee bado wanaita Grogan. Fundi alinifundisha kubandika kwanza nukta ndogo ndogo kwenye kila pembe kabla ya kuchomelea kwa ukamilifu, na kuruka kutoka pembe moja kwenda ile iliyo mkabala nayo, kwa maana chuma kikipoa hujivuta upande wa mshono na fremu nzima hupinda. Tulipima kwa uzi kutoka kona hadi kona. Mara ya kwanza tofauti ilikuwa milimita 9. Tukapiga nyundo, tukapima, tukapiga tena, hadi nyuzi mbili zikalingana.

Sanduku la jiko lilitoka Kamukunji, kwa wale wale wanaogonga masanduku ya bati ya watoto wa bweni. Pale huwezi kuzungumza, unaonyesha kwa vidole. Nilionyesha urefu, upana, kina, na mahali pa mtungi wa gesi wa kilo 6, na siku mbili baadaye sanduku lilikuwa tayari, bawaba zake zikifunguka bila kukwama. Tukalifunga nyuma pamoja na tangi la maji la lita 60, ambalo likijaa ni kilo 60 za maji peke yake.

Nyuma. Vyote nyuma, kwa sababu nilitaka kupika nikiwa nimesimama chini ya kivuli cha hema.

Hema ndilo lililochukua moyo wangu. Nilipata fundi cherehani anayeshona maturubai ya malori, nikamweleza nataka hema linalolala juu ya tela likiwa limekunjwa, kisha linafunguka kama kitabu: nusu ya sakafu inabaki juu, nusu inaning'inia nje na kushikwa na ngazi. Likifunguliwa lina mita 2.4 kwa 1.4, sisi watatu tunatosha tukipakana. Sakafu ni plaiwudi, matao ni mabomba ya alumini, kitambaa ni turubai la pamba. Watu walinishauri nichukue nailoni kwa kuwa ni nyepesi, lakini turubai la pamba linapumua, na usiku wa baridi pumzi zenu hazigeuki matone ya kuwadondokea asubuhi.

Lina desturi yake, hata hivyo. Likiwa jipya kila tundu la sindano linavuja. Dawa yake ni kulilowesha chapachapa na kuliacha likauke, kisha kulilowesha tena, kwa maana nyuzi za pamba hufura zikinywa maji na kuziba matundu yenyewe. Nilitaka kulimwagia kwa ndoo, na maji hapa mtaani yanakuja mara mbili kwa wiki. Mvua za masika zikanionea huruma. Usiku wa mvua ya kwanza niliingia ndani ya hema na tochi, nikahesabu matone kwenye mshono wa paa: kumi na saba. Mvua ya pili, manne. Mvua ya tatu nilikaa nusu saa nimeinua uso, mtaro nje unanguruma, na hakuna kilichonigusa. Neema alipanda akakaa kando yangu akanyamaza, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Kisha ukatufuata ule usumbufu wa kulianika siku mbili nzima, kwani turubai ukilikunja bichi linaota ukungu na harufu haitoki tena.

Tela ilipopata namba yake, ile inayoanza na Z, niliitoa kwa mara ya kwanza kwenye Barabara ya Kangundo. Hadi Ruai ilikuwa safi. Baada ya hapo, kwenye kilomita 60 kwa saa, lori la mchanga likanipita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma tela, na tela ikaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kila mara zaidi kidogo, mpaka nikausikia usukani ukilegea mikononi kana kwamba gari limeinuliwa kwa nyuma. Niliinua mguu kwenye mafuta, sikugusa breki, sikupigana na usukani. Ikatulia. Nikasimama kando ya barabara na magoti yakaanza kutetemeka baada ya hatari kupita.

Kutogusa breki nilifundishwa na Baba. Aliendesha malori kati ya Mombasa na Malaba miaka mingi, na nilipompigia simu kule Kitengela hakuniuliza gari ni zima au la. Aliuliza, "Mdomo wa tela una kilo ngapi?" Sikujua. Akaniambia nikapime kwanza ndipo tuzungumze.

Niliazima mizani ya kupimia watu kwa jirani, nikaiweka chini ya mdomo wa tela, ile ncha ya mbele inayoshikana na gari, na kipande cha mbao juu yake. Tela nzima ikiwa imepakiwa ina kilo 640. Nilijiwekea kikomo cha kilo 750, kile ambacho nchi nyingi za Ulaya huruhusu kwa tela isiyo na breki zake yenyewe, na nilikuwa nikijivunia kubaki chini yake. Mdomoni mizani ilisema 30. Kwa tela ya namna hii inatakiwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iketi mdomoni, yaani angalau kilo 64. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, nyuma ndiko kunakoongoza: kukisukumwa kidogo na upepo kunazungusha tela yote, na gari linalovuta linafuata badala ya kuongoza.

Nilifikiria njia ya mkato. Mfuko wa saruji wa kilo 50 pale mbele, namba zinakubali, rangi yangu inapona. Nikamwambia Baba.

"Utabeba saruji mpaka lini, mama?"

Basi jana tukakata. Fundi hakunikumbusha neno lake la Septemba, wala kwa jicho. Alisukuma ekseli nyuma, akaweka kiganja kwenye shasi, gumba kwenye alama ya zamani, na pale kidole cha mwisho kilipofika akachora mstari kwa chaki. Kisha nikapima kwa futi yangu: sentimita 20. Nilimwomba msamaha mbele ya vijana wake. Akasema, "Shika hapa, isiteleze," nikashika. Jioni, tangi likiwa limejaa na sanduku limepakiwa, mizani ilisoma 66.

Leo Baba alikuja kwa matatu baada ya kanisa, na kofia yake ya safari. Alizunguka tela mara mbili bila kusema, akatikisa kila gurudumu kwa mikono miwili kusikiliza beringi. Akachukua ufunguo. Tulipita Ruai, malori mawili yakatupita, na kwenye kilomita 80 kwa saa nikajikuta nimeshika mlango. Kioo cha pembeni kilionyesha tela imenyooka nyuma yetu. Alipoegesha alishuka akaweka kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu, akakiacha pale. Ingekuwa moto usioshikika, beringi imekazwa mno au imekosa grisi. "Vuguvugu," akasema. Kisha, "Sasa inafuata."

Agosti shule zikifungwa tutaivuta hadi Olorgesailie, chini ya Ngong kwenye barabara ya Magadi, ambako watoto wataona mashoka ya mawe yamelala mahali yalipoachwa na watu wa kale. Hiyo ni Agosti. Leo nilitaka kumwonyesha Baba hema tu. Nilipokuwa mtoto alitusimulia jinsi usiku wa joto pale Mtito Andei alivyokuwa akilala juu ya mzigo, juu ya turubai, utingo wake akilinda chini. Nilimwomba anichukue hata safari moja. Nilikuwa na miaka saba, na jibu lilikuwa lile lile kila mara.

Alishika ngazi, akapanda polepole, kila kidato akipumzika. Ana miaka 74. Nikasimama chini nimenyoosha mikono kana kwamba ningeweza kumdaka. Alivua viatu juu, akavipanga ukingoni, akajilaza kwenye godoro, akabonyeza turubai kwa kidole.

"Nani ameshona?"

Nikamtajia.

"Funga zipu, mbu wanaingia."

Hiyo ilikuwa saa kumi na moja. Nimepika, tumekula, watoto wamelala. Chakula chake nimekifunika kwa sahani, na mlango wa uani nimeuacha wazi.